Kabla Hujamwita Mtukutu

Hamjambo Karatu mjini, Rhotia, Oldeani na Endabash; hamjambo mlioko Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu; nanyi wa juu huko, Nainokanoka na Endulen, ambao jioni hii bila shaka mmeshajitanda shuka kwa baridi. Mazungumzo ya leo ni ya michezo, ila sitasoma matokeo ya Simba na Yanga. Walioshinda wameshayasikia, na waliofungwa hawataki kuyasikia tena.

Nataka tumzungumzie mtoto anayefukuzwa mazoezini.

Mnamjua. Mwalimu anapuliza filimbi, wenzake wote wanasimama, yeye anazidi kukimbia. Anaambiwa apange mstari, anachuchumaa na kuchora vumbini. Anapewa mpira atoe pasi, anaubutua mpaka barabarani, kwenye magari ya watalii yanayowahi lango la Ngorongoro. Mwenzake akimgusa bega kwa bahati mbaya, anamrukia kwa ngumi. Siku ya kwanza anaonywa. Siku ya pili anarushwa kichura. Siku ya tatu anaambiwa: wewe kaa pale chini ya mti, usituharibie. Baada ya hapo hahitaji kuambiwa. Akifika uwanjani anaelekea mtini mwenyewe, na jina lake linabadilika. Anakuwa mtukutu, kichwa kigumu, mtoto asiyefundishika.

Sasa, simtetei kila mtoto. Watukutu wa kweli wapo, na baadhi yetu tunaosikiliza redio kwa heshima jioni hii tulikuwa hao hao. Lakini nina hoja moja, na nitaishikilia mpaka muda wangu uishe: ukiona mtoto anavuruga mazoezi, yakague kwanza mazoezi. Mtoto mkague baadaye.

Chukua hiyo filimbi. Filimbi ni amri ya sauti, na mtoto asiyesikia vizuri haimfikii. Wala usidhani kiziwi ni yule tu ambaye hasikii kabisa na anazungumza kwa lugha ya alama. Wapo watoto waliotokwa na usaha masikioni tangu wadogo, wakatiwa mafuta ya moto na maji ya majani wakati zahanati ipo, na leo wanasikia nusu nusu. Darasani wanakaa mbele, wanaitazama midomo ya mwalimu, wanaponea hapo. Uwanjani mwalimu yuko mbali, upepo unavuma, na watoto wengine wote wanapiga kelele. Hapo ndipo yule aliyefaulu kujificha darasani mwaka mzima anapoonekana mkaidi. Hakukataa kusimama, hakujua kwamba kuna kusimama.

Dawa yake haigharimu hata shilingi. Ukipuliza filimbi, inua na mkono, au peperusha kipande cha kitenge chekundu. Kisha wafundishe watoto wote kwamba ukiona mwenzako kasimama, nawe simama. Kwenye soka ya viziwi refa hubeba bendera mkononi kwa sababu hiyo hiyo. Jambo linalowafaa watu wazima kwenye mashindano ya kimataifa halitaishinda shule ya msingi ya Endamarariek.

Halafu kuna lugha, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana sisi wa wilaya hizi tuna utajiri ambao wakati mwingine unatugeuka. Kati ya Karatu na Ziwa Eyasi kuna watoto wanaozungumza Kiiraqw nyumbani, wengine Kidatoga, wengine Kimaasai, na wengine Kihadzabe chenye sauti zake za vidoko, lugha ambayo wanaisimu wamehangaika nayo miaka mingi bila kuipatia ndugu wa kuaminika. Na Kiswahili chetu kimetandazwa juu ya hizo zote. Mtoto wa mjini amekisikia tangu tumboni. Mtoto aliyetoka kwenye maboma ya Olbalbal au porini Yaeda anakutana nacho kwa dhati akiingia shule, na katika lugha hiyo ndiyo anafundishwa hesabu, na katika hiyo hiyo anafokewa.

Sikiliza maelekezo ya kocha wetu wa kawaida: "Jezi nyekundu mkae kulia, mkipata mpira msibutue mbele, rudisheni kwa beki, halafu fungueni nafasi pembeni, na wewe usiotee!" Hizo ni amri tano kwa pumzi moja. Mtoto wa darasa la pili anayekijua Kiswahili barabara atashika mbili. Mtoto anayekijua nusu atashika neno "mbele", kwa kuwa ndilo analolijua, na atabutua mbele. Kocha atashika kichwa: si nimesema msibutue? Umesema, mwalimu. Yeye kasikia ulichokataza, hakusikia kukataza kwenyewe.

Mtoto wa namna hiyo hana ulemavu wowote. Ninamtaja kwa makusudi, kwa sababu mazoezi yanayomfaa mtoto mwenye ulemavu wa akili, au mwenye usonji, au asiyesikia vizuri, ndiyo hayo hayo yanayomfaa mtoto mwenye Kiswahili kichanga. Maneno machache. Jambo moja kwa wakati mmoja. Na zaidi ya yote, onyesha. Simama mbele yao, piga pasi moja, wakuone mguu ulivyokaa, kisha sema neno moja: "Pasi." Babu zetu walifundisha kurusha mkuki na kulenga shabaha bila hotuba.

Kuna wa tatu, naye ni mtoto mwenye ualbino. Wengi tunajua habari ya ngozi yake na jua. Kofia, mikono mirefu, mafuta ya kukinga ngozi, kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa hapo jirani, hospitali ya KCMC, Moshi. Tunalosahau ni macho. Mtoto mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu na mwanga mkali unamuumiza. Ukimrushia mpira mweupe kutoka upande wa jua saa saba mchana, hauoni mpaka umeshampiga kifuani. Akikosa mara tatu mbele ya wenzake, ataanza kuleta fujo, na namuelewa. Afadhali kuitwa mkorofi kuliko kuitwa asiyeweza. Wengi wetu tungechagua hivyo hivyo. Mpe mpira wenye rangi iliyokoza, mpange alipe jua mgongo, na mazoezi yafanyike asubuhi au jioni. Fujo itapungua bila kuguswa.

Baada ya hao wote kuna jambo linalowapata watoto wazima kabisa, wasio na shida yoyote: kusubiri. Mpira mmoja, watoto hamsini, mstari mrefu kama wa kugombea mafuta ya taa enzi zile. Kila mmoja anapiga danadana mara moja kisha anarudi nyuma kusubiri wengine arobaini na tisa. Mtoto wa miaka minane atafanya nini katika kusubiri huko? Atamvuta aliye mbele shati. Na mtoto ambaye akili yake haitulii, yule ambaye madaktari wangeweza kumpa jina lakini sisi hatuna daktari huyo karibu, atakuwa ameshapigana. Mwalimu anayeona ugomvi mstarini anamtafuta mgomvi. Angeutafuta mstari. Auvunje kuwa makundi ya watoto sita sita, kila kundi na mpira wake, hata uwe wa makaratasi na kamba. Watoto wetu ni mafundi wa kufunga mpira wa chandimu; wape dakika ishirini watakutengenezea kumi.

Kuna usemi tunaoupenda sana: samaki mkunje angali mbichi. Na tunapousema, aghalabu mkononi mna fimbo. Basi tuzungumze habari ya fimbo kwa utaratibu, kwa sababu uwanjani ndiko inakotembea bila kuhesabiwa.

Serikali ilitoa kanuni za adhabu ya viboko shuleni mwaka 2002. Kanuni hizo zinasema viboko visizidi 4. Mwenye mamlaka ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, kama yupo shuleni. Na kila adhabu iandikwe. Mimi binafsi naona hata vinne ni vingi, lakini tuache maoni yangu. Nawauliza makocha wa kujitolea, vijana wetu mnaowafundisha watoto Jumamosi: ninyi ni wakuu wa shule? Mna idhini ya maandishi? Kitabu cha kuandikia kiko wapi? Kijiti unachokata kwenye uzio wa uwanja hakimo katika kanuni yoyote ya nchi hii.

Na kuna sheria nyingine yenye uzito zaidi kwa habari yetu ya leo. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inasema kwamba kumrekebisha mtoto kusizidi kiasi kwa umri wake na kwa hali yake ya mwili na ya akili. Ikaongeza kuwa hakuna marekebisho yanayohalalika kwa mtoto ambaye, kwa udogo wake au kwa sababu nyingine, hawezi kuelewa anarekebishwa kwa ajili gani. Mtoto mwenye ulemavu wa akili aliyepigwa kwa kubutua mpira hajui kapigwa kwa nini. Anachojifunza ni kwamba mpira huleta maumivu, na kesho hatakuja. Mtoto wa namna hiyo amepotea uwanjani, na sheria imevunjwa juu yake, yote kwa kijiti kimoja.

Wazee watauliza: basi nidhamu itatoka wapi? Swali la haki kabisa. Nidhamu hutoka kwenye mpangilio ambao mtoto anaweza kuutabiri. Mazoezi yaanze namna ile ile kila siku: duara, kila mtoto aitwe jina lake, wimbo mmoja, kupasha mwili moto. Yaishe namna ile ile. Mtoto mwenye usonji hutulia pale anapojua kinachofuata, na huchanganyikiwa pale mambo yanapobadilika ghafla. Kama unataka kubadilisha mchezo, onya mapema: inua vidole vitano, maana yake dakika tano, kisha viwili, kisha kimoja. Huo mti wenyewe usiutumie kama jela. Uwe mahali pa kupumzikia ambapo mtoto yeyote anaweza kwenda akizidiwa na kelele, akanywa maji, akarudi mwenyewe bila kuombwa msamaha wala kuomba msamaha. Utashangaa ni watoto wangapi wasio na ulemavu wowote watakaoutumia.

Na ukimsifu mtoto, msifu kwa jambo. "Safi sana" haimwambii kitu. "Umemsubiri mwenzako apige kwanza" inamwambia nini cha kurudia. Halafu, tafadhali sana, tuache ile desturi ya kuwaacha watoto wawili wakali wachague timu, mmoja mmoja, mpaka abaki yule yule wa kila siku, na mmoja wa makapteni aseme: aah, mchukueni ninyi. Gawa timu mwenyewe kimya kimya, kwa jezi.

Nimewasema sana walimu. Niwape na hoja ya kuwatia moyo, nayo imezaliwa hapa hapa kwetu. Filbert Bayi ni mtoto wa Karatu, mzaliwa wa mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand aliyemfuata naye alikuwa ndani ya rekodi ya zamani, hivyo haikuwa rekodi ya kubahatisha. Mwaka uliofuata, huko Kingston, Jamaika, Bayi akaivunja na rekodi ya maili.

Lakini linalonivutia mimi ni namna alivyokimbia. Wakati ule wakimbiaji wakubwa wa mita 1500 walipenda kujibanza kundini, wakivizia, kisha wanafyatuka mzunguko wa mwisho. Bayi aliondoka mbele tangu mlio wa bastola na kuwaburuza wote mpaka mwisho. Kwa kitabu cha siku zile, alikuwa anakosea. Kocha mwenye kichwa kigumu angemwambia: rudi nyuma, kimbia kama wenzako. Kijana wa miaka 20 aliachwa akimbie kama mwili wake ulivyotaka, na dunia ikabadilisha kitabu. Wasemaji wa michezo hupenda kumtaja pia mzee wetu wa Mbulu, mkimbiaji wa marathoni John Stephen Akhwari, na mguu wake uliofungwa bandeji kule Meksiko mwaka 1968. Leo nitamwacha apumzike. Kila mara tukitaka kusema habari ya mtoto mwenye ulemavu tunamkimbilia yeye, kana kwamba mtoto huyo lazima atutoe machozi kwanza ndipo tumruhusu kucheza. Mtoto anataka kucheza tu. Afurahi, afunge bao, akosee, akasirike, arudi nyumbani mchafu.

Kwa kuwa hii ni redio, niwasimulie mchezo mmoja ambao hata mimi na wewe tungeweza kuufuata kwa masikio peke yake. Unaitwa goalball, kwa Kiswahili tunasema mpira wa goli. Ulibuniwa mwaka 1946 na Hanz Lorenzen wa Austria na Sepp Reindle wa Ujerumani, kwa ajili ya askari waliorudi vitani bila macho, na tangu mwaka 1976 unachezewa medali katika Michezo ya Paralimpiki. Kila upande una wachezaji watatu. Wote hufungwa macho, hata mwenye uoni kidogo, ili wawe sawa. Uwanja una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, goli linachukua upana wote, na mpira una uzito wa kilo 1 na robo ukiwa na kengele ndani. Mmoja anaubingirisha kwa nguvu, watatu wa upande wa pili wanaisikiliza kengele na kujirusha chini kuuzuia kwa mwili mzima. Mistari ya uwanja imewekwa kamba chini ya utepe, ili mchezaji ajue kwa kidole au kwa unyayo mahali alipo.

Sikilizeni kanuni iliyo tamu kuliko zote: wakati mpira unachezwa, watazamaji lazima wanyamaze. Wanashangilia bao likishaingia. Fikirini uwanja wa watoto mia mbili wa Karatu, kimya, wakisikiliza njuga ikija. Walimu wanaolalamika kwamba watoto wa siku hizi hawawezi kutulia wajaribu mchezo huu kabla ya kulalamika tena. Watoto hutulia wanapoona sababu. Hapa mchezo wenyewe unadai utulivu, mwalimu hahitaji kupaza sauti.

Na vifaa? Mpira rasmi ni wa kuagiza, kweli. Lakini sisi ni watu wa njuga na kengele za mbuzi. Pasua mpira uliochakaa, tia njuga mbili na matambara, ushone. Au funga mpira ndani ya kipande cha mfuko wa salfeti, unachakarisha vizuri ukibingirika. Zamani wengine walitumia mifuko ya plastiki, lakini hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na mimi sitaki kuwaletea watu wa mazingira mlangoni. Mistari utaweka kamba ya katani na kuifunika udongo. Mitandio ya kufungia macho ipo kila nyumba.

Mchezo huu si hadithi ya ng'ambo. Katika UMITASHUMTA, mashindano ya shule zetu za msingi, kwa miaka ya karibuni wamekuwapo wanafunzi wenye mahitaji maalumu wakicheza mpira wa goli, soka yao na riadha yao. Ni hatua nzuri, nami naipongeza. Wasiwasi wangu uko chini. Timu ya mkoa haiwezi kuota yenyewe. Kama hakuna mpira wa goli kwenye shule, wala kwenye kata, wala kwenye wilaya, basi siku ya kuchagua timu ya mkoa watachukuliwa watoto wa kitengo maalumu, wapewe jezi, wapigwe picha, warudi. Mwaka mzima uliobaki wanatazama wenzao wakicheza.

Nchi hii imeshaonyesha kinachotokea pale watu wanapofanya mazoezi kweli. Timu yetu ya taifa ya soka ya watu wenye ulemavu wa viungo, Tembo Warriors, wale wanaocheza kwa magongo, ilikwenda Kombe la Dunia Istanbul mwaka 2022 ikafika robo fainali. Timu nyingine za taifa tunazozishangilia zingetamani robo fainali ya Kombe la Dunia.

Niseme kidogo kuhusu kuchanganya. Special Olympics, shirika la michezo ya watu wenye ulemavu wa akili lililofanya michezo yake ya kwanza Chicago Julai 1968 na ambalo lipo Tanzania pia, lina utaratibu wa timu mchanganyiko: wachezaji wenye ulemavu wa akili na wasio nao, jezi moja, timu moja. Wanasisitiza walingane kwa umri na kwa uwezo kadiri inavyowezekana, na nimeelewa kwa nini. Ukimchanganya mtoto anayejifunza kupiga pasi na kijana hodari wa kidato cha nne, yule hodari atakimbia na mpira peke yake, afunge mabao matano, halafu watu wapige makofi wakisema jinsi wanavyopendana. Mwenzake aligusa mpira mara ngapi? Hicho ndicho kipimo. Weka kanuni kwamba bao halihesabiwi mpaka watoto watatu tofauti wameugusa mpira. Punguza uwanja. Tumia mpira usiodunda sana. Na msisahau rede, ambayo wasichana wetu wanaicheza bila kocha, bila filimbi, na ambayo ukipunguza umbali wa kurushiana inamchukua hata mtoto anayekwenda kwa gongo.

Sasa nipande juu, Ngorongoro, maana ya kule ni mengine. Kocha wa Karatu mjini anaweza kusema mazoezi saa kumi na moja jioni. Mtoto wa Endulen au Kakesio akitoka mazoezini saa kumi na mbili anatembea kuelekea boma lake katika nchi ya nyati na tembo, giza likiingia. Mtoto mwenye miguu mizima anaweza kukimbia na kundi la wenzake. Mtoto anayetembea taratibu, au asiyeona vizuri jioni, ataachwa nyuma, na mama yake analijua hilo. Akikataa kumruhusu mwanawe, tusiseme wafugaji hawathamini michezo. Kule mchezo uingie kwenye ratiba ya shule, kabla ya saa nane, au uwe kwenye shule ya bweni. Suluhisho la Ngorongoro ni saa, wala halihitaji mradi wowote mkubwa.

Na tumbo. Mtoto aliyetembea kilomita nyingi asubuhi bila kunywa kitu, ukimweka uwanjani saa sita, hasira zake ni za njaa. Kikombe cha uji kabla ya mazoezi kimewatuliza watoto wengi kuliko maonyo. Wazazi wa kamati za shule mnanisikia.

Mama na baba mnaomficha mtoto ndani, nazungumza nanyi kwa heshima. Najua wengi wenu hamwamini uchawi wala laana, mnaogopa tu atachekwa. Atachekwa, siku ya kwanza. Njooni naye, mkae pembeni mwa uwanja, mumweleze mwalimu mambo mawili tu: kitu gani humtuliza, na kitu gani humkasirisha. Mwalimu akiwa na maarifa hayo mawili ana zaidi ya semina ya siku tatu. Anayetaka semina zaidi aende Patandi, pale Tengeru, Chuo cha Ualimu cha elimu maalumu; tuna bahati kukipata mkoani kwetu wenyewe.

Arusha mjini unajengwa uwanja mkubwa wa kuchukua watu 30,000 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Tutaushangilia, na tutapeleka watoto wakauone. Lakini halmashauri zetu mbili zinaweza kufanya jambo dogo kabla mechi ya kwanza haijapigwa pale. Kila mwisho wa mwaka Karatu ina tamasha lake la michezo, linaloungwa mkono na taasisi ya huyo huyo Filbert Bayi, na watoto hukimbia. Ombi langu kwa waandaaji, na kwa maofisa elimu na maofisa michezo wa Karatu na Ngorongoro: wekeni kwenye fomu ya mwaka huu mbio za watoto wasioona pamoja na waongozaji wao, na mechi moja ya timu mchanganyiko, na mzitangaze sasa, siyo wiki ya mwisho, ili shule zipate muda wa mazoezi.

Na kwako mwalimu wa michezo, Jumatatu kabla hujapuliza filimbi, nenda kule mtini. Muulize jina lake, umpe mpira.